Faiamani Anasimama Wapi?

Katika matoleo yaliyopita wenzetu wamehakiki diwani, riwaya na hata kanda za taarab. Mimi ni mhandisi wa mitambo. Mashairi huyasikiliza tu, kuyahakiki siwezi. Nilipomwuliza mhariri kama ataniruhusu nihakiki boksi, alidhani natania. Nikamwambia sitanii, na akitaka nitamletea boksi lenyewe alione.

Boksi lenyewe ni la karatasi ngumu, ukubwa wake ni kama lile la viatu vya mtoto. Ndani mna mabamba matatu ya shaba ya njano, membamba kama kadi ya harusi, yaliyojaa vipande mia na ushei vilivyoshikiliwa kwa vijiti vidogo vya shaba hiyohiyo. Mna kifuko cha vipande vya kusubu, mna waya, mna karatasi za maelekezo. Magurudumu na mota unanunua mwenyewe. Ukiwa na pasi ya kulehemu, tupa, macho mazuri na mke mvumilivu, baada ya miezi kadhaa utakuwa umeunda injini ya garimoshi la zamani, inayotembea kwa umeme juu ya reli, isiyotimia shubiri moja kwa urefu. Hapa Uingereza kazi hii ina watu wake. Ukienda kwenye maonyesho yao utawakuta wazee waliostaafu, wenye miwani miwili miwili, wakibishana juu ya ribiti kama wazee wa kwetu wanavyobishana barazani juu ya mwandamo wa mwezi. Miongoni mwao mtu mweusi ni mimi peke yangu mara nyingi, na nimezoea kuulizwa kwa upole kama nimepotea njia.

Nathubutu kusema kwamba seti hizi zinastahili kuhakikiwa kama kitabu kinavyohakikiwa. Kila seti ni masimulizi ya injini fulani iliyowahi kufanya kazi. Yupo aliyekaa akachora, akaamua lipi liingie na lipi liachwe, na uamuzi huo una maana yake. Walimu wetu wa Kiswahili walitufundisha kuuliza mambo mawili, fani na maudhui. Nitakwenda kwa njia yao.

Injini ninayoizungumzia, wengi wetu tumepita mahali ilipozaliwa bila kujua. Ukishuka Stratford, mashariki ya London, ukaingia Westfield kuwanunulia watoto viatu vya shule, uko kwenye ardhi iliyokuwa ya karakana za reli. Karakana hizo zilianza katika miaka ya 1840, na baadaye zikawa za kampuni ya Great Eastern. Pale ndipo T. W. Worsdell, mwaka 1883, alipoanza kutoa injini ndogo ya mizigo iliyopewa alama ya Y14, na ambayo baada ya kampuni za reli kuunganishwa mwaka 1923 iliitwa J15. Haina madaha. Ina magurudumu sita, silinda mbili zilizofichwa ndani ya fremu, dohani iliyonyooka na kibanda kifupi cha dereva. Zilijengwa 289 mpaka mwaka 1913. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza 43 kati yake zilipelekwa Ufaransa. Za mwisho ziliondolewa kazini mwaka 1962, na moja imehifadhiwa na wapenzi wa garimoshi wa Norfolk.

Mwezi Desemba 1891 mafundi wa Stratford waliamua kuonyesha uwezo wao. Waliiunganisha Y14 moja, pamoja na gari lake la makaa, kuanzia vyuma vitupu mpaka injini kamili, kwa muda wa saa 9 na dakika 47. Ilitoka na rangi ya kijivu ya mkono wa kwanza tu, ikapelekwa moja kwa moja kuvuta makaa ya mawe kati ya Peterborough na London, na ilikwisha kukimbia maili 36,000 ndipo ikarudi kupakwa rangi ya mwisho. Yangu, ya shaba, ilinichukua miezi minane. Mke wangu analijua sana tukio hilo la 1891, na hulitaja kila anapotaka meza ya kulia chakula irudishwe.

Sasa fani. Bamba la shaba hufunikwa kwanza kwa utando unaohisi mwanga. Juu yake, mbele na nyuma, huwekwa filamu yenye mchoro, kisha hupigwa mwanga mkali. Utando usiotakiwa huoshwa, na bamba huingizwa katika dawa, kwa kawaida kloridi ya feri, inayoila shaba pale palipobaki wazi. Palipo wazi pande zote mbili, dawa hukutana katikati na kutoboa. Palipo wazi upande mmoja, hula nusu ya unene na kuacha nusu. Hiyo nusu ndiyo akili yote ya sanaa hii. Kwa nusu hiyo mchoraji anakuwekea mstari wa kukunja, ili ubavu wa kibanda ukunjike palepale unapotakiwa, na mstari ukae ndani ya kona. Kwa nusu hiyo anakuwekea vishimo upande wa nyuma, ambavyo ukivigonga kwa ncha ya chuma hutokea mbele kama vichwa vya ribiti. Kosea mara moja, ukunje, ukunjue, ukunje tena, na shaba itakatika mkononi. Haikupi nafasi ya tatu.

Uzuri wa fani hii ni kwamba inafanana na kazi yenyewe. Injini ya mwaka 1883 haikumiminwa kwenye kalibu ikatoka nzima. Ilianza kama mabamba: fremu mbili ndefu zilizokatwa, zikasimamishwa sambamba na kufungwa kwa vyuma vya kukingama, kisha boila ikaja juu, kisha mabamba ya ubavuni na kibanda. Anayejenga seti ya shaba anafuata mpangilio uleule. Anaanza na fremu mbili, anatafuta zisimame sawa kwenye kioo kilicholala, anapachika egemeo za ekseli, anatumia vyuma vya kuunganisha magurudumu kama kipimo ili nafasi za ekseli zilingane na matundu ya vyuma hivyo. Ikiwa kuna tofauti ya nywele mbili, injini itachechemea. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo miaka mitatu ya chuo kikuu hapa Uingereza haikunifundisha: kwamba mchoro mzuri unafikiria mkono wa atakayeunda. Nimewahi kuona michoro ya mitambo ya mamilioni ya pauni iliyochorwa na watu ambao hawakuwahi kujiuliza spana itaingilia wapi. Mchoraji wa seti hii alijiuliza.

Lakini shaba iliyoliwa na dawa ni bapa, na injini ina viungo vya mviringo. Dohani, kuba ya boila na vali za usalama haziwezi kukunjwa, lazima zisubiwe. Seti za bei ya juu hutoa vipande vya shaba vilivyosubiwa kwa njia ya nta: unachonga nta, unaifunika udongo, unaiyeyusha itoke, unamimina shaba mahali pake. Msomaji wa Lamu hatashangaa, kwani ile siwa kubwa ya shaba ya Lamu iliundwa kwa njia hiyohiyo kabla ya mtu yeyote kufikiria injini za mezani. Seti za bei ya wastani, kama yangu, hutoa vipande vya madini meupe laini yenye bati na risasi. Hivi vinayeyuka kwa joto dogo sana. Risasi ya kulehemia shaba huyeyuka kwenye nyuzi 145 au 188, na ile ya madini meupe kwenye nyuzi 70. Lazima upunguze joto la pasi. Nilijua hivyo, nilisoma hivyo, na bado siku moja baada ya kazi, nimechoka, niliigusa dohani kwa pasi ya moto. Iliinama kama mshumaa, ikawa tone. Mhandisi mwenye shahada aliangalia dohani yake ikiwa tone, akaenda kulala.

Karatasi za maelekezo nazo ni fasihi ya aina yake. Zimeandikwa kwa ufupi wa mtu anayeamini kwamba unajua anachokijua. “Kunja kibanda na ulehemu”, basi, sentensi moja kwa kazi ya jioni tatu. Penye hatari hasa hazisemi kitu; penye urahisi zina aya nzima. Kasoro hii naihesabu kuwa kubwa, kwa sababu inawafukuza wanaoanza, na umri wa wanaoendelea unaonekana kwa macho kwenye maonyesho. Hata hivyo, nakiri kwamba ukimya wake ulinilazimisha kutafuta picha za injini halisi na kuzitazama mpaka nikaelewa. Mwalimu mbaya mwenye somo zuri, tuseme.

Maudhui yana mgogoro zaidi. Swali la kwanza seti inalokuuliza ni: injini ipi, mwaka upi? Injini 289 zilizojengwa kwa miaka thelathini na kufanya kazi kwa karibu themanini haziwezi kuwa kitu kimoja. Worsdell aliziwekea dohani iliyonyooka kama bomba. Aliyemfuata, James Holden, aliibadilisha ikawa na mdomo uliopinda. Nyingine zilifungwa breki za hewa kwa ajili ya kuvuta abiria, nyingine hazikufungwa. Rangi zilibadilika, namba zilibadilika. Seti yangu ilikuwa na dohani za aina mbili, na kwa hili mchoraji anastahili sifa: hakusema “injini ya zamani” kwa jumla, kama tunavyosikia watu wakisema “Afrika” kwa jumla. Anakudai tarehe. Mimi nilichagua ya mwanzo wa miaka ya 1920, na baada ya ajali niliyoisimulia nikalazimika kutumia ile dohani ya pili. Kwa hiyo tone la risasi liliamua mwaka, si mimi.

Penye kasoro ni kwenye mota.

Nifafanue. Reli za Uingereza zina upana wa milimita 1,435. Katika skeli ninayotumia, ambapo futi moja huwa milimita 4, upana huo ungekuwa milimita 18.83. Lakini reli ambayo watu wengi hutumia katika skeli hii ina milimita 16.5. Ukiirudisha katika ukubwa wa kweli, unapata kama milimita 1,257. Zimepotea karibu sentimita 18. Zilikwenda wapi? Katika miaka ya 1920 watengenezaji walikuwa na reli ya 16.5, ambayo inafaa skeli ndogo zaidi, ya milimita 3.5 kwa futi. Injini za Uingereza ni nyembamba na fupi kuliko za bara la Ulaya, na mota za wakati huo hazikuingia ndani ya mwili mdogo hivyo. Wakakuza mwili, wakaacha reli ilivyo. Tangu hapo injini za Uingereza za mezani zinasimama kama bwana mnene aliyebana miguu. Wapo walioudhika wakarudi kwenye 18.83, na wengine wakakutana njiani kwenye 18.2, nawaheshimu, lakini kwa nyumba yangu na umri wangu nimebaki na uongo wa wengi.

Basi mota ya karne iliyopita ndiyo iliyoamua upana wa reli. Na katika seti yangu, iliyochorwa zamani, wakati mota ndogo zenye nguvu zilikuwa adimu, mota iliamua jambo jingine. Ilikaa ndani ya tanuri, chini ya boila, na kwa kuwa haikutosha, mkia wake ulitokeza nyuma na kuingia katika kibanda cha dereva. Mchoraji hakukificha kitendo hiki. Alitoa kipande kimoja cha madini meupe, kama kifuniko, chenye alama za mlango wa tanuri na mikono miwili mitatu, ukibandike juu ya mkia wa mota. Sakafu ya kibanda hakuitoa kabisa. Ribiti za ubavuni alizihesabu moja moja. Hata vishikizo vya mkono vilikuwa na matundu yake, kila kimoja mahali pake. Ndani ya kibanda, tone.

Wala sikuliona. Nilibandika kifuniko, nikapaka rangi, nikaiweka injini kwenye kabati la vioo sebuleni, nikaridhika.

Mwaka 2009 baba yangu alikuja kututembelea, mara yake ya kwanza na ya mwisho Uingereza. Kwa wasiojua, mzee wangu alikuwa faiamani, kisha dereva, katika reli ya Afrika Mashariki, akitokea Mombasa. Alianza kijana katika miaka ya 1960, na alifanya kazi kwenye zile Garratt za daraja la 59, injini 34 zilizojengwa na Beyer Peacock huku Manchester mwaka 1955 na 1956, zenye uzito wa zaidi ya tani 250 na majina ya milima. Mmoja wa milima hiyo, Mount Gelai, namba 5918, uko katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Zilikuwa zikipanda kutoka usawa wa bahari mpaka Nairobi, kilomita 530 na mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, juu ya reli ya mita moja. Kwa kipimo chochote zilikuwa kazi kubwa ya mikono ya watu wa Manchester, na kazi kubwa zaidi ya mikono ya watu wa kwetu.

Nilimshikisha ile J15 kwa fahari ya mtoto anayeleta ripoti ya shule. Aliisogeza dirishani, kwenye mwanga. Alitazama magurudumu, akayazungusha kwa kidole. Alisifu fremu. Alisema ni safi mno, haijafanya kazi hii. Kisha akafumba jicho moja, akachungulia kibandani kwa nyuma, akakaa hivyo muda mrefu.

“Faiamani anasimama wapi?” akauliza.

Nikamweleza habari za mota, skeli, nafasi. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza daktari.

“Mwanangu, hapa mmeweka mota mahali pa mtu.”

Hakusema kwa ukali, na baada ya chai tulizungumza mengine. Lakini usiku ule alinisimulia mambo ambayo kwa miaka arubaini hakuwahi kunisimulia. Kwamba Garratt zao zilichoma mafuta mazito, kwa hiyo faiamani wa kwetu hakuwa na beleshi, alikuwa na vali, na kazi yake ilikuwa ya jicho: kutazama rangi ya moshi na kujua moto unataka nini. Moshi mweusi ni mafuta yanayopotea, na dereva atakusema. Kwamba kibanda kilikuwa cha joto kiasi cha kutamani mvua. Kwamba alijua kila mwinuko wa njia kwa miguu yake, kwa jinsi sakafu ilivyotetema. Nilikuwa mtu mzima, mhandisi, na sikuwahi kumwuliza. Nilimjua kama mtu anayerudi nyumbani na kulala mchana.

Tangu siku ile nimekuwa nikifungua maboksi ya watu wengine, kwenye maonyesho na nyumbani kwao, na kuchungulia kibanda kwanza. Nawaambia kwa hakika kwamba hiki ndicho kipimo cha seti. Nimeona seti zenye ribiti za kutosha kujengea meli na kibanda kitupu kama kopo. Nimeona nyingine, chache, ambazo mchoraji ametoa sakafu ya mbao, kiti, vioo vya kupimia maji, mlango wa tanuri unaofunguka, na kile kibamba cha kati kinachoziba pengo baina ya injini na gari la makaa. Seti za miaka ya karibuni ni bora zaidi kwa hili, kwa sababu mota zimekuwa ndogo na giaboksi zake zinajificha ndani ya tanuri kabisa. Kisingizio kimekwisha. Anayeendelea kutoa kibanda kitupu leo hafanyi hivyo kwa kukosa nafasi. Hakuona kwamba mle ndani palikuwa na kitu.

Baba alifariki mwaka 2013. Mwaka uliofuata niliibomoa ile J15. Kubomoa kazi ya shaba ni rahisi kuliko kuijenga: unapasha, inaachia. Nilitoa mota ya zamani, nikaweka ndogo ya kisasa inayokaa yote ndani ya tanuri. Nilikata sakafu kutoka kwenye vipande vya mbao nyembamba. Uso wa nyuma wa boila niliujenga upya kwa mabaki ya shaba, yale yanayobaki baada ya kukata vipande, ambayo watu hutupa: mkono wa mvuke, vioo viwili vya maji, geji, bomba, mlango wa tanuri. Ilinichukua majira ya baridi mazima, kwa eneo lisilozidi ukucha wa kidole gumba.

Na katika kulijenga eneo hilo nilikisoma kibanda cha Worsdell kwa mara ya kwanza. Ni kifupi kupita kiasi. Bamba la ubavuni limekatwa kwa mchirizo mzuri, ambao kwa mbali huipa injini sura yake ya kupendeza, na mchirizo huohuo ndio unaoacha mgongo wa mtu nje kwenye mvua. Injini ikirudi kinyumenyume, gari la makaa likitangulia, upepo wa Essex unaingia wote. Wakubwa wa reli walilijua hilo: katika miaka ya 1930 J15 tano zilifungiwa vibanda vyenye madirisha ya pembeni, na kinga upande wa gari la makaa, kwa ajili ya njia ya Colne Valley. Tano. Zilizobaki ziliendelea hivyohivyo. Sikuweza kulijua hilo kwa kutazama picha za ubavuni, ambazo ndizo zinazopendwa na wapiga picha. Nililijua nilipotafuta mahali pa kuweka kiti, nikakosa.

Mtu ataniuliza: kwa nini taabu yote hii, na kampuni ya Hornby imekwisha kutoa J15 iliyo tayari, ya plastiki, iliyopakwa rangi kuliko mimi nitakavyoweza, na ndani ya kibanda chake mna vyombo vyote? Swali ni la haki na jibu langu si la kujisifu. Ninayo pia. Inakimbia vizuri kuliko yangu, na bei yake ni ndogo ukihesabu mota, magurudumu na dawa za macho. Kama unataka J15, inunue. Lakini plastiki haikuulizi kitu. Kibanda chake kimekamilika, nami nilipokitazama nilikubali tu, nikakirudisha kwenye boksi. Kibanda cha shaba kilikuwa na tundu, na tundu ndilo lililomfanya mzee aulize.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya seti hii ni ya pande mbili. Kwa fani naipa alama za juu: mikunjo yake ni ya kweli, fremu zake zinasimama, na mchoraji aliheshimu mkono wa fundi. Kwa maudhui imeanguka, kwa sababu ilihesabu ribiti ikasahau mtu, na mimi nilianguka pamoja nayo. Anayetaka kuanza asianze na injini. Aanze na behewa dogo la mizigo la shaba, lenye vipande vichache na lisilo na mota, ajifunze joto la pasi. Asafishe shaba kwa brashi kabla ya kila kiungo, na aoshe flaksi usiku uleule, maana ile asidi hailali.

Kuhusu yangu, imebaki kazi moja. Nilinunua faiamani wa madini meupe mwenye beleshi. Alikuwa na milimita 28 kwa urefu, yaani katika ukubwa wa kweli ni jitu la futi saba, nikamrudisha. Wa pili ana milimita 23 kamili, anatosha. Lakini faiamani wa kweli anapotia makaa husimama mguu mmoja kwenye injini na mmoja karibu na gari la makaa, juu ya kile kibamba cha kati, na modeli haiwezi kugundishwa pande mbili, kwani injini na gari lake hupinda kila kimoja kivyake. Nimemgundisha kwenye injini, miguu yote miwili. Kwenye reli iliyonyooka anakaa vizuri. Kwenye kona ya pili, ile ya karibu na mlango wa jikoni, beleshi lake linagonga gari la makaa, na injini inasimama.